Urafiki usiopitia kwenye sahani: namna ya kuwakutanisha mtandaoni vijana wenye Prader-Willi

Huku kwetu Tanga mtu akikukuta unakula, unamwambia "karibu" na unasogea apate pa kukaa. Mgeni haondoki na mdomo mkavu. Siku ya Idi bakuli la bokoboko linavuka ua kwenda kwa jirani kabla mpishi mwenyewe hajaonja. Nimelelewa hivyo, na desturi hiyo naipenda. Lakini binti yangu, ambaye sasa ana miaka 16, ana hali iitwayo Prader-Willi, na kwa miaka mingi desturi hiyo hiyo ilimfungia mlango wa kupata marafiki. Kila mahali watoto wenzake walipokusanyika palikuwa na sahani katikati, na penye sahani yeye hakuona watu.

Huu ni mwaka wa tatu naendesha kikundi kidogo cha vijana kwa njia ya video. Wapo watano: binti yangu, kijana mmoja wa Morogoro, mmoja wa Nakuru, msichana wa Mombasa, na msichana wa Muscat ambaye wazazi wake asili yao ni Unguja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Si daktari wala mwanasaikolojia. Ninachoeleza hapa ni kile kilichotufaa, ili mzazi mwenzangu anayetaka kuanzisha kikundi kama hiki asianze gizani kama nilivyoanza.

Kwa asiyeijua hali hii: Prader-Willi si ulafi wala malezi mabaya. Kwenye kromosomu ya 15 kuna jeni ambazo hufanya kazi kwa nakala inayotoka kwa baba tu. Kwa watoto wetu nakala hiyo haifanyi kazi. Mara nyingi kipande chake kimekatika, na wakati mwingine mtoto amepata kromosomu zote mbili za 15 kutoka kwa mama. Kwa kawaida hairithiwi katika ukoo, kwa hiyo asiwepo shangazi wa kunyooshewa kidole. Madaktari watatu wa Uswisi, Prader, Labhart na Willi, waliieleza mwaka 1956. Mtoto huzaliwa amelegea, hana nguvu za kunyonya. Miaka michache baadaye mambo hugeuka: ubongo haupokei habari ya kushiba, na njaa haimtoki tena. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 30,000 hivi, ndiyo maana mjini kwetu sijawahi kukutana na mzazi mwingine wa hali hii. Kama bado unashuku tu na hospitali ya kwenu haina kipimo, tafuta IPWSO, shirika la kimataifa la Prader-Willi. Lina mpango wa kusaidia familia kupima bila malipo.

Njaa ndiyo husemwa sana. Upande wa kuishi na watu husemwa kidogo, na ndio uliomliza binti yangu zaidi. Anapenda watu. Lakini huuliza swali moja mara kumi. Mpango ukibadilika dunia yake inapasuka. Uso wa mwenzake hausomi vizuri, kwa hiyo mtu aliyenyamaza tu humwona kama amemchukia. Na kwa sababu mwili wake ni mdogo kuliko umri wake, wenzake humwita "mtoto" na kumpakata.

Skrini haina harufu

Nilidhani video ni njia ya pili, ya mtu asiye na njia. Siku ya kwanza nilielewa vingine. Kwa dakika thelathini na tano binti yangu alikaa na wenzake wa rika lake na hakuna aliyenusa pilau. Macho yake hayakuwa jikoni, yalikuwa kwenye nyuso. Sikuwahi kuliona jambo hilo kwenye harusi yoyote wala maulidi yoyote.

Kazi ya namna hii inafanywa na wataalamu pia. Marekani, Anastasia Dimitropoulos wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve amewafundisha watoto wenye Prader-Willi kwa michezo ya kuigiza kupitia video, na Elisabeth Dykens wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt amewakutanisha vijana wa hali hii kwa vikundi mtandaoni. Jambo moja kubwa nimelichukua kwenye PEERS, programu ya stadi za kuishi na watu ya Elizabeth Laugeson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ambayo ilianza na vijana wenye usonji: mzazi naye hufundishwa sambamba na kijana, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki naye siku zote zilizobaki za wiki.

Panga saa kwa kutazama mlo

Usianze kwa kuuliza utumie programu gani ya simu. Anza na ratiba ya chakula ya kila nyumba. Kijana asiyejua atakula lini hawezi kusikiliza chochote. Kwetu chakula cha mchana ni saa saba, kikundi saa tisa kamili alasiri kila Jumamosi, na tunda ni saa kumi na nusu. Muscat wako mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwao ni saa kumi, na mama yake amesogeza mlo ulingane. Ratiba hiyo imeandikwa kwenye karatasi ukutani, karibu na simu. Binti yangu akianza kuuliza tunda liko lini, namwonyesha karatasi kwa kidole, basi.

Usiweke kikundi mara tu baada ya kula. Vijana hawa husinzia mchana, na wakikaa kimya wakitazama wengine, wawili watalala mbele ya kamera. Kila baada ya dakika kumi tunasimama wote na kunyoosha mikono.

Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40. Usiiachie ikukatie, kwa sababu kukatwa ghafla ni mtihani mkubwa kwao. Sisi huaga dakika ya 35. Dakika ya 30 nasema maneno yale yale kila wiki: "Zimebaki dakika tano, tunaanza kuagana." Wote wanayajua, na kijana wa Morogoro huyasema pamoja nami.

Watano wanatosha. Tulipojaribu kuwa wanane, kungoja zamu kulikuwa kurefu mno, na mmoja alizima kamera akalia. Ni afadhali vikundi viwili vidogo.

Chakula kisionekane, kisitajwe

Hapa sina mzaha hata kidogo. Wakati wa kikundi hakuna anayekula wala kunywa chai mbele ya kamera, mzazi akiwemo. Jiko lisiwe nyuma ya kijana. Mzazi asipite na mfuko wa sokoni. Kwenye ujumbe wa WhatsApp hakuna picha za keki wala zile alama ndogo za vyakula. Mazungumzo ya "leo mmepika nini", ambayo kwetu ni salamu kabisa, tumeyaondoa.

Wiki ya nne nilikaa mbele ya kalenda ya duka la mikate bila kufikiri. Ilikuwa na picha ya skonzi. Somo zima lilikwenda na maji: mmoja aliuliza skonzi hizo ni za nani, mwingine akauliza kama zipo nyumbani kwangu, na nyumba tatu zikapata jioni ngumu kwa kosa langu. Sasa nyuma yangu natundika kanga, na kabla ya kuanza nazunguka chumba kwa macho kama mtu anayetafuta sindano.

Kijana mwenyewe akitaja chakula usimkaripie. Hajakosa adabu, ubongo wake unampigia kelele. Nasema, "Hilo la nyumbani, utamuuliza mama saa kumi na nusu," kisha namrudishia zamu yake kwa swali jingine. Sauti ibaki ya kawaida.

Anza na salamu

Wazazi wengi hutaka nianze na mambo makubwa: kukataa kuonewa, kuzungumza na mvulana, kusema hapana. Mimi huanza na salamu na nakaa hapo mwezi mzima. Salamu zetu zina ngazi zinazojulikana: unamwamkia mkubwa, anaitikia, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, kisha na wewe unauliza. Kijana anayependa mambo yasiyobadilika anaipenda ngazi hiyo, na ndani yake mna kila anachohitaji: kumtazama mtu, kuuliza, kungoja, kujibu, kumwachia mwenzako nafasi.

Tulipata somo ambalo sikulipanga. Kijana wa Nakuru aliingia akasema "Sasa!" na binti yangu akakasirika kwamba hajaamkiwa vizuri. Msichana wa Muscat husema "Asalamu aleikum" na hungoja kuitikiwa kabla ya neno jingine. Basi tukafanya wiki mbili za salamu za kila mmoja. Binti yangu alijifunza kuwa "Sasa" hujibiwa "Poa" na si dharau, na kijana wa Nakuru alijifunza kuniambia "Shikamoo shangazi" kisha kuwaambia wenzake "Sasa". Kwamba mtu mmoja anaweza kusalimia namna mbili kwa watu wawili, na namna zote zikawa sahihi, kulikuwa kugumu kwao kuliko nilivyotarajia. Sasa wanaliweza jambo hilo, na huko shuleni wanalitumia.

Baada ya salamu kuna stadi moja tu kwa siku. Kungoja zamu tumefundisha kwa penseli. Kila mmoja ana penseli ya rangi yake, aliyeinua ndiye anayesema, na akimaliza huishusha na kutaja jina la mwenzake: "Nakupa wewe." Kutaja jina ndio moyo wa zoezi, kwa sababu lazima kwanza amkumbuke mwingine. Anayezungumza kwa muda mrefu sana namwonyesha kadi yenye saa, simkatizi kwa maneno.

Kuhusu swali linalorudiwa: lijibu mara moja kikamilifu. Likirudi, mrudishie yeye: "Nilikujibu nini?" Mara nyingi jibu analo; anatafuta utulivu, si habari. Likirudi mara ya tatu, aliandike jibu kwenye karatasi yake. Wenzake nao wamejifunza kumuuliza kwa upole, "Umeandika?"

Somo ninaloliona kuwa la thamani kuliko yote ni la tiki za bluu. Binti yangu alituma ujumbe wa sauti kwa msichana wa Mombasa, akaona tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Ndani ya saa moja alikuwa ameshaamini kwamba amechukiwa, alitupa viatu uani na kujikwangua ngozi ya mkono mpaka damu. Jumamosi iliyofuata tulianzisha kitu tunachokiita makisio matatu. Rafiki hajajibu: taja sababu tatu zisizohusiana na wewe. Bando limeisha. Simu iko kwa mama. Amelala. Tumefanya zoezi hilo kwa kila jambo: rafiki amezima kamera, amejibu neno moja, amecheka wakati nikisema. Mzazi, lifanye na nyumbani, na likuhusu wewe pia. Nikirudi kazini nimenuna, binti yangu sasa hunihesabia: "Mama umechoka, au jua kali, au umegombana na mwalimu mkuu."

Mikono iwe na kazi

Kujikwangua ngozi ni sehemu ya hali hii, na huzidi wanapokaa. Binti yangu husuka ukili wa mkeka wakati wa kikundi. Bibi yake alimfundisha. Wa Mombasa hutunga shanga. Mwanzoni mzazi mmoja aliona ni utovu wa adabu kutotazama kamera muda wote. Nilimwomba ajaribu Jumamosi mbili. Mikono ikiwa na kazi, masikio husikiliza.

Dakika kumi za mwisho ni mchezo wa kuunganisha picha ya vipande. Wengi wenye Prader-Willi wana kipaji kikubwa cha mchezo huu, kuliko hata watoto wengine wa rika lao. Kila mmoja ana picha yake na huonyesha alipofika. Hapa ndipo wanaposifiana, na kusifia ni stadi: si "nzuri" tu, bali "umemaliza ukingo wa juu". Mimi huwa nyuma yao kwa mbali sana kwenye mchezo huu, na wananielekeza.

Mzazi akae wapi

Ndani ya chumba, nje ya picha. Usimnong'oneze majibu. Ukimya wa sekunde kumi unaokuumiza wewe, kwake ni muda wa kulitafuta neno. Nilimwona baba mmoja akijibu kila swali kwa niaba ya mwanawe kwa mapenzi matupu; tulipomwomba akae barazani na mlango wazi, kijana alianza kusema wiki ile ile.

Jumatano kila kijana hutuma ujumbe wa sauti mmoja kwa mwenzake mmoja tuliyekubaliana. Ndiyo kazi ya nyumbani pekee. Jumapili usiku wazazi tunazungumza nusu saa peke yetu, na hapo ndipo tunapoweza kusema habari za chakula, makufuli ya kabati, dawa na uchovu wetu.

Usimwite kijana wako mtoto. Ana miaka 15 au 16, ana aibu zake, hata kama balehe yake imechelewa au haijakamilika na kimo chake ni cha darasa la tatu. Haturekodi kikundi, hatupigi picha skrini, hatuweki popote kilio cha kijana wa mtu ili watu waone huruma.

Umeme ukikatika, na siku ya hasira

Umeme utakatika na bando litaisha. Liseme hilo kabla. Kila Jumamosi nafungua kwa sentensi hii: "Mtandao ukikata, tunarudi baada ya dakika tano. Ukikata tena, tunaonana Jumamosi." Tuliwahi kuigiza kukatika: nilizima makusudi, wakahesabu, nikarudi. Tangu hapo kukatika kwa kweli hakujaleta kilio kikubwa.

Hasira ikipanda, usijadiliane naye. Akili ya kupima maneno haipo saa hiyo. Mzazi anazima maiki na kamera ya kijana wake, anakaa karibu, anasema kidogo. Mimi huwaambia wengine, "Mwenzetu anapumzika, atarudi," na tunaendelea. Akirudi, wiki hiyo au ijayo, haulizwi. Na kikundi kisitumike kama adhabu hata siku moja. Kumwambia "hutaingia Jumamosi kwa sababu uliiba mkate" ni kumnyang'anya watu kwa kosa la njaa.

Yapo mambo ambayo si ya kikundi. Kijana akibadilika ghafla, akaanza kusikia sauti, kuchanganyikiwa au kushuku watu kupita kiasi, nenda hospitali; matatizo ya akili huweza kuanza umri huu, hasa kwa wale wenye kromosomu zote mbili za mama. Na kwa kuwa maumivu wanayahisi kidogo na kutapika ni nadra kwao, kijana wa Prader-Willi akisema tumbo linamuuma au akatapika, usingoje kikundi kiishe. Mpeleke.

Mgeni wa mtandaoni

Mtu akitaka kumpata kijana wangu, atamwahidi chakula, au hela ya chakula. Ukweli huo unanikosesha usingizi, kwa hiyo tunaufanyia mazoezi wazi wazi. Tumewafundisha sentensi moja: "Nitamuuliza mama kwanza." Tunaigiza: mimi najifanya mgeni mpole, nasema nina zawadi, naomba anwani ya nyumbani, naomba picha, naomba pesa ya M-Pesa. Kila jibu ni sentensi ile ile, mpaka itoke bila kufikiri. Simu ya binti yangu hulala chumbani kwangu, na namba ya siri ya M-Pesa yangu haijui mtu. Hilo nimemweleza sababu yake bila kumficha, na amesema linampa raha, kwamba hana haja ya kupigana na simu usiku.

Idi iliyopita mwezi uliandama kwao Muscat na kwetu siku moja. Nyumba yangu ilijaa wageni tangu asubuhi, na sebuleni sahani zilikuwa zinapishana. Binti yangu alinivuta kanga akaniambia anataka kumpigia mwenzake. Nikamfungulia simu chumbani, nikarudishia mlango. Nilimsikia akisema "Idi mubaraka," akingoja, kisha akiuliza hina yako ina maua au ina mistari. Walikaa dakika ishirini, kila mmoja akimwonyesha mwenzake gauni, mbele na nyuma. Alipotoka aliniuliza tunda liko saa ngapi. Nikamwonyesha karatasi ukutani, saa kumi na nusu. Akachukua ukili wake akaenda kukaa kwa bibi, akasuka.